Mshale wa Juu

Siku ofisini iliposherehekewa Onam, sikukuu ya mavuno ya Kerala, India, Ambili alikuja kazini na sari nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, akaipandisha juu ya vifundo isije ikanasa kwenye nyaya, akakaa mbele ya skrini kufuta barua za watu asiowajua. Wenzake walikuwa chini ukumbini wakigombania maua. Kila idara ilitandaza zulia lake la maua la kushindania, na wahasibu walishutumiwa kwamba wamenunua petali zilizokwisha kuchambuliwa sokoni, jambo ambalo watu wazima wenye wake na watoto walilipigia kelele tangu asubuhi. Kampuni ilikuwa ghorofa ya nne kule Kakkanad, nje kidogo ya Kochi, na kazi yake ilikuwa kulea seva za watu wengine: za maduka, za hospitali, za shule, za wauza kamba wa baharini wanaosafirishwa nje.

Kazi ya Ambili hasa ilikuwa foleni. Barua pepe ikishindwa kuondoka haipotei. Inakaa kwenye foleni ya seva, inajaribu tena baada ya muda, kama mtu aliyeambiwa na karani arudi kesho. Siku njema foleni huwa na barua chache tu. Siku mbaya mwizi ameiba neno la siri la mtu, amejikalia huko aliko, anatangaza mikopo na dawa za nguvu za kiume kwa dunia nzima kwa kupitia mlango wa mtu huyo, na foleni inafura hadi makumi elfu. Hapo ndipo huitwa Ambili. Yeye hana haja na vitufe vya rangi. Hufungua dirisha jeusi, akaandika amri kwa mkono, akazichuja barua kwa mtumaji, kwa mpokeaji, kwa umri, mpaka mchele na chenga vitengane. Amri yenyewe inaitwa exiqgrep, na katika idara nzima hakuna wawili wanaoitamka sawasawa.

Alikuwa na sheria moja aliyowapigia wenzake hadi wakachoka nayo: hesabu, andika orodha kwenye faili, isome, ndipo ufute kwa kufuata faili hilo. Kuchuja na kufuta kwa mpigo mmoja aliita uchinjaji. Foleni ni kitu kilicho hai, alikuwa akisema, barua zinaingia huku unapepesa macho, na seva haina pipa la taka la kwenda kufukua. Maji yakimwagika hayazoleki.

Asubuhi ile seva iliyovimba ilikuwa na wateja wa hapahapa Kerala, na mlango ulioibwa ulikuwa wa chuo cha uuguzi cha masista kule milimani. Shaiju, mkuu wa zamu, alikuja kumsimamia akiwa amefunga shuka jeupe la sikukuu kiunoni, simu sikioni, aking'ang'ania tabasamu.

"Ambili, muuza kamba ananipigia kila dakika. Oda zake zote zimekwama nyuma ya dawa za nguvu za kiume. Tunafanyaje?"

"Tunaosha, Shaiju chetta," alisema Ambili, akimwita kaka kwa heshima. "Neno la siri la karani wa chuo lilikuwa jina la chuo na moja-mbili-tatu."

"Ulitaka liwe nini, sala nzima ya Baba Yetu? Osha upesi. Chakula saa saba, na mimi sitaki kula payasam yangu tamu na sauti ya muuza kamba sikioni."

Aliosha. Mwizi alikuwa akibuni majina ya kila aina mbele ya jina la chuo, kwa hiyo Ambili alichuja kila kilichotoka kwa jina la chuo, akatazama, akaona ni uchafu mtupu. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa likizo, hapakuwa na barua ya mtu hata moja. Basi akafanya kile anachowakataza wengine: chuja na futa, mpigo mmoja, kwa sababu macho yake yalikuwa yameshaona na muuza kamba alikuwa akilia. Kwa mfagio huo wa kwanza hakukosea kitu. Foleni ikashuka, kisha ikaanza kupanda tena, kwa kuwa mwizi alikuwa bado ameshika nyuzi za mawasiliano alizofungua mapema, zilizodumu hata baada ya neno la siri kubadilishwa. Ambili akazikata moja moja mpaka mlango ukafungika kweli. Uchafu mpya ulikuwa umebaki ndani ukingoja kufagiliwa mara ya pili.

Hapo ndipo simu yake ikalia. Alikuwa mdogo wake, Rejani, muuguzi, aliyemwita Chechi, yaani dada.

"Chechi, uko kwenye mashine?"

"Niko wapi pengine?"

"Usinicheke, roho yangu iko juu. Sista Leonilla anasema ameituma barua yangu asubuhi hii. Nimetazama kwenye tovuti ya baraza la wauguzi la Dublin, inaonyesha hawana kitu. Nilimwambia Sista atume tangu wiki jana, akawa anatafuta muhuri! Si chuo changu kiko kwenye seva zenu? Nitazamie, Chechi. Leo ndiyo mwisho."

"Najua leo ndiyo mwisho."

"Basi tazama."

Alijua, kama alivyojua kila mtu nyumbani, mtaani na kwenye wadi ya Rejani. Baraza la wauguzi la Ireland lilikubali barua ya kuthibitisha masomo kutoka anwani ya chuo chenyewe tu, na lilifunga milango jioni ya siku hiyo kwa saa za kwao. Mtihani wa Kiingereza wa Rejani ulikuwa unakwisha nguvu mwezi uliofuata, na ada ya kuurudia haikuwepo. Ikipita leo, safari imekufa. Kerala kila nyumba ina mtu aliyeondoka, na katika nyumba yao aliyeondoka kwanza alikuwa mume wa Ambili, aliyekuwa Muscat mwaka wa saba sasa, akija likizo na zawadi za sabuni. Wa pili angekuwa Rejani. Angebaki Ambili, na Amma, mama yao.

Amma alipigwa na kiharusi miaka mitatu iliyopita, upande wa kulia ukafa, na maneno yakabaki machache. Mchana alikaa na mama mmoja wa kukodi. Usiku alikuwa wa Ambili: kumgeuza, kumsafisha, kumlisha, kumgeuza tena. Rejani alikuja siku zake za mapumziko, na kwa mikono yake ya kiuguzi alimaliza kwa saa moja kazi iliyomchukua Ambili asubuhi nzima, tena Amma akicheka. Akishaondoka, Rejani alikuwa na kawaida ya kusema kwamba Amma siku hizi hasumbui. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Rejani alipopata kazi ya Ireland, Ambili alisema, "Vizuri." Alimsaidia kujaza makaratasi, akamnunulia koti la baridi. Hakumwambia mtu yeyote kwamba alikuwa akiamka saa kumi usiku akimwomba Mungu jambo lolote litokee, lisiloumiza mtu, likamzuia.

Akaitafuta barua. Safari hii alichuja kwa mpokeaji, na ikatokea mara moja, mstari mmoja peke yake: imetoka kwa mkuu wa chuo, Sista Leonilla, inakwenda Dublin, iko mlangoni. Seva ya Dublin ilikuwa imeikataa kwa adabu. Ilisema jaribu baadaye, kwa sababu asubuhi nzima imepokea takataka kutoka mlango huohuo na sasa haimwamini yeyote anayetokea huko.

"Nimeiona," alimwambia Rejani. "Ipo. Imekwama tu. Nikimaliza kufagia nitaisukuma kwa njia nyingine."

"Chechi, nakupenda. Nakupenda kuliko mumeo anavyokupenda."

"Hilo halihitaji jitihada."

Rejani akacheka mpaka akakohoa. Nyuma yake zilisikika sauti za wadi, kitoroli kikisukumwa, mtu akiita nesi.

Sasa Ambili alifanya mambo kwa utaratibu wake. Alichuja uchafu wote wa chuo, akauandika kwenye faili, akalifungua faili, akaitafuta namba ya barua ya Rejani, akaifuta humo ili isiguswe. Akasoma faili juu mpaka chini. Akahesabu. Akaandika amri ya kufuta kwa kufuata faili lile, akaisoma na hiyo, kidole kikiwa juu ya Enta.

"Picha!" Shaiju alikuwa mlangoni akipiga makofi. "Idara nzima mbele ya maua! Wahasibu wamepewa ushindi kwa hila, sisi tutacheka kwenye picha ili waumie. Twende, Ambili."

"Dakika moja."

"Hiyo dakika yako naijua, ina masaa ndani yake. Foleni haina miguu. Inuka."

Akainuka. Chini alisimamishwa, akasogezwa, akaambiwa acheke, akacheka. Zulia la idara yao lilikuwa limeharibika pembeni pale mtu alipokanyaga. Kulikuwa na wimbo, kulikuwa na kuvutana kamba, na mmoja wa vijana wa mtandao alichanikiwa na shuka lake la sikukuu mbele ya wakurugenzi, ikabidi watu wasubiriane mpaka kicheko kiishe. Ambili aliporudi juu, seva ilikuwa imemkata kwa kukaa kimya muda mrefu. Akaingia upya. Dirisha lilikuwa tupu.

Wanaofanya kazi hii hawaandiki amri mara mbili. Wanabonyeza mshale wa juu, na mashine inawarudishia amri zao za nyuma, ya mwisho kwanza. Mkono hufanya hivyo kabla ya kichwa. Ila mashine hukumbuka amri zilizoendeshwa tu. Ile aliyoiandika na kuiacha bila kugusa Enta haikuwemo mahali popote. Ambili alibonyeza mshale, ikaja amri ya kuhesabu. Akabonyeza, ikaja ya kusoma faili. Akabonyeza tena na tena, ukaja mstari mrefu ambao mwisho wake ulikuwa maneno ya kufuta, yaleyale, herufi kwa herufi. Macho yaliangukia mwisho wa mstari. Mwanzo wake haukusoma faili lolote. Ulikuwa mfagio wa asubuhi: chuja kila kilichotoka chuoni, futa.

Akabonyeza Enta.

Mistari ilishuka kwenye skrini kwa kasi isiyosomeka, kila mmoja ukisema imeondolewa, imeondolewa. Katikati ya mbio zile alielewa. Alijua bila kuangalia, jinsi mtu anavyojua amesahau funguo ndani mlango unapojifunga nyuma yake. Akaikata amri, lakini mistari ilikuwa imeshasimama yenyewe. Akachuja kwa mpokeaji: Dublin. Hakuna. Akafungua kumbukumbu za seva, akaikuta namba ya barua ya Rejani, na mbele yake saa, na mbele ya saa maneno kwamba imeondolewa na msimamizi. Msimamizi ni yeye.

Shaiju alikuja nyuma yake akatazama skrini.

"Tupu kabisa! Muuza kamba amenitumia picha ya kamba. Wewe ni ufagio wa Mungu, Ambili. Twende tukale."

"Nakuja."

"Unaumwa?"

"Njaa."

Alipoondoka, Ambili alibaki akiitazama foleni tupu. Hakuna aliyeona. Kumbukumbu za seva zingejifuta zenyewe baada ya wiki chache, na hakuna anayezisoma kumbukumbu za seva isiyosumbua. Rejani angelaumu Dublin. Angelaumu masista, angelaumu bahati. Angelia, Ambili angemshika mabega. Kisha angebaki. Jambo limetokea na halikuumiza mtu, hivyo ndivyo alivyokuwa ameomba. Aliona aibu, tena aliona nafuu, na nafuu ndiyo iliyomtisha.

Simu ikalia.

"Chechi? Imeondoka?"

"Foleni iko tupu," alisema Ambili.

Lilikuwa neno la kweli. Rejani alipiga kelele ya furaha, akawaambia wenzake kwenye wadi, nao wakapiga kelele.

"Nipige Dublin?"

"Kwao bado ni asubuhi. Waache wafungue ofisi vizuri."

"Sawa. Sawa! Na ingekuwa balaa, maana Sista Leonilla anaingia mafungo saa nane. Siku tano hawasemi na mtu, simu zote zinakusanywa kwenye kikapu. Kama isingeondoka sasa, ningekwenda kupiga magoti getini. Chechi, nikifika nitakutumia pesa ya mtu wa usiku. Wa kulala na Amma kabisa. Nimeshapiga hesabu."

"Tutaongea."

"Kula sana. Nile na mimi tumboni mwako."

Ambili alishuka kula. Watu walikuwa wamekaa mistari mirefu, majani ya migomba mbele yao, na wapakuaji wakipita na ndoo: achari, mboga za nazi, wali, mchuzi wa dengu juu yake. Alikaa kati ya Shaiju na mhasibu mmoja aliyekuwa akitetea maua yao. Jani lake likajaa. Akachanganya wali na mchuzi kwa vidole, akatengeneza tonge, akaliacha.

"Wasemaji wetu hawa wanasema tumedanganya," mhasibu alimwambia. "Sema wewe, una akili. Ua lililochambuliwa na mwingine ni ua au si ua?"

"Ni ua."

"Haya! Shaiju, umesikia?"

"Huyo yuko upande wenu kwa sababu ana njaa," alisema Shaiju. "Ambili, mbona huli? Payasam inakuja, ya maziwa."

Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa cha mkurugenzi. Saa saba na robo. Ambili aliitazama na kufikiri juu ya kikapu cha simu za masista. Alifikiri pia juu ya mtu wa usiku, wa kulala na Amma kabisa, ambaye Rejani alikwisha kumpigia hesabu bila yeye kuomba. Kwa hiyo Rejani alijua usiku ulivyo mzito. Wakati wote aliokuwa akisema Amma hasumbui, alijua. Wazo hilo lilimkasirisha Ambili kuliko lilivyomfariji, na ilimchukua muda, huku mpakuaji akimwongezea wali asiouomba, kukiri kwamba hasira ile haikubadilisha namba yoyote kwenye kumbukumbu za seva. Barua ilikuwa imefutwa. Aliyeifuta alikuwa hapa, anakula.

Akainuka. Hakulikunja jani, na kuliacha jani wazi lenye chakula katika karamu ya Onam ni jambo ambalo hata mtoto hulijua kuwa halifanywi. Mhasibu alimtazama kwa mdomo wazi. Ambili alitoka mpaka ngazini, mkono wa kulia bado una mchuzi, akapiga simu kwa wa kushoto.

"Nimekosa njia ya kukuambia," alisema Ambili, Rejani alipopokea. "Barua yako haikuondoka."

"Umesema foleni iko tupu."

"Iko tupu. Nimeifuta. Nimeifuta pamoja na uchafu."

"Wewe umefuta."

"Mimi. Niliita amri ya zamani badala ya mpya. Sikusoma mwanzo wake. Mpigie Sista sasa hivi, kabla ya kikapu. Arudi ofisini kwake, aitume tena, neno la siri la mkuu halijabadilishwa, ni la karani tu. Mimi nitaingoja hapa."

"Wewe hufuti bila kusoma, Chechi. Wewe ndiye unayewafokea wenzako kwa hilo. Miaka yote umenisimulia."

"Ndiyo."

"Ulifanya makusudi?"

Ambili alitazama mkono wake. Mchuzi ulikuwa unakauka katikati ya vidole. Alitaka kusema hapana, na hapana ilikuwa karibu kabisa, ingetosha kuufungua mdomo.

"Sijui," alisema.

Rejani alikata simu.

Alipanda ngazi mbili mbili, ukingo wa sari mkononi. Hakunawa. Alikaa akichuja kwa mpokeaji, amri moja ileile, tena na tena, na kila mara seva ilijibu kwa utupu. Alikuwa mtu wa kutazama foleni kwa kazi, lakini hakuwahi kuiomba foleni imletee kitu. Shaiju alikuja na kikombe cha karatasi cha payasam, akakiweka kando ya kibodi, akauona mkono na uso, akaondoka bila utani. Baadaye Ambili alisikia mambo yalivyokwenda huko milimani: Sista Leonilla alikuwa amekwisha kupanda basi dogo la watawa, akashuka, akarudi ofisini akinung'unika kwamba wasichana wa siku hizi hata Roho Mtakatifu hawampi nafasi, na ufunguo wa ofisi ukawa kwa mlinzi aliyekwenda kula.

Ilikuwa imebaki kidogo kufika saa nane barua ilipotokea. Mstari mmoja, kutoka kwa mkuu wa chuo, kwenda Dublin. Umri wake sekunde nne.

Dublin ikasema jaribu baadaye.

Ambili alikuwa ameshaiandalia njia. Aliandika kanuni kwamba kila kinachokwenda Dublin kipitie mlango mwingine wa kampuni, mlango safi usiojua habari za chuo. Aliiandika polepole, akaisoma mwanzo, katikati na mwisho, kwa kidole kwenye skrini kama mtoto wa darasa la kwanza. Akaisukuma barua. Sekunde kadhaa hazikusema kitu. Kisha kumbukumbu zikaandika kwamba upande wa pili umepokea, kwamba kazi imekamilika. Barua ikatoka kwenye foleni. Akamwandikia Rejani: *Imefika. Wapigie wahakikishe.* Rejani hakujibu. Payasam ilikuwa imepoa, akainywa yote akiwa amesimama.

Jioni alipofika nyumbani, viatu vya Rejani vilikuwa mlangoni. Mama wa kukodi alikuwa ameshaondoka. Rejani alikuwa amemkalisha Amma kwenye kiti cha dirishani, bado ana sare ya wadi, anamlisha uji wa mchele kwa kijiko kidogo, akimfuta upande wa mdomo usiofunga. Amma alipomwona Ambili aliinua mkono wake mzima, wa kushoto.

"Dublin?" aliuliza Ambili.

"Wameipata." Rejani hakugeuka. "Nimepiga mara mbili. Jina langu limeingia."

"Vizuri."

"Ndiyo. Vizuri."

Kijiko kilikwenda na kurudi. Ambili alivua pini za sari mabegani, akazishika mkononi bila kujua aziweke wapi. Alisubiri afokewe. Wangekuwa na watu wengine nyumbani angefokewa, wangesuluhishwa, wangelia, yangekwisha.

"Nilikuwa na hasira nikiwa kwenye basi," alisema Rejani. "Nilikuwa nimepanga maneno. Halafu nimefika hapa, nimembadilisha Amma, nimeona kidonda kidogo mgongoni kimepona, nimeona kile kitambaa cha kulalia ulichomshonea kiwe laini. Maneno yameniishia. Bado nina hasira lakini sina maneno."

"Sikukusudia, Rejani. Nadhani sikukusudia."

"Ungeniambia tu."

"Nikuambie nini?"

"Kwamba hutaki niende. Mwaka mzima unanijazia makaratasi. Umeninunulia koti. Mimi nakuuliza, Chechi unaonaje, unasema vizuri. Unaonaje? Vizuri. Basi nikasema labda kweli kwako ni vizuri."

"Ningekuambia, ungebaki?"

Rejani alimfuta Amma kidevu, akafikiri kweli. Ambili alimwona akifikiri.

"Hapana," alisema. "Ningekwenda tu."

Amma alikuwa akiwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akitafuna. Nje watoto wa jirani walikuwa kwenye bembea ya sikukuu, wakihesabiana zamu kwa kelele. Ambili aliziweka pini mezani, akaenda akachuchumaa mbele ya kiti, karibu na goti la mdogo wake. Hapakuwa na faida yoyote ya kusema sasa. Barua ilikuwa Dublin, jina lilikuwa limeingia, na yeye mwenyewe ndiye aliyeisukuma.

"Usiende," alisema. "Siwezi peke yangu. Naogopa usiku. Usiende, mdogo wangu."

Rejani aliweka bakuli chini, akamshika kichwa dada yake kwa mikono yote miwili, akakilaza gotini.

"Nimesikia, Chechi," alisema, na baada ya kitambo akachukua kijiko, akaendelea kumlisha Amma kwa mkono mmoja.